KILIMO CHA VANILA, NA KAZI YA KUOZESHA MAUA YAKE

Kila mara bei ya vanila inapopanda, watu wengi hushikwa na hamu ya kuipanda. Na kila mara inapoanguka, watu wale wale huing'oa na kuitupa jalalani. Mambo haya tumeyaona mara mbili tangu mwaka 2000, na kwa hiyo tumeona yafaa kuueleza mmea huu kwa urefu kidogo, ili anayetaka kuupanda aijue kazi iliyo mbele yake kabla hajatia jembe, na yule aliye nao tayari asiuharibu kwa haraka.

Mvanila ni mmea utambaao, wa jamii ya okidi. Shina lake ni la kijani, nene kama kidole cha mtu mzima, na limejaa maji. Majani yake ni mazito, ya kung'aa, wala hayapukutiki wakati wa kiangazi. Mwaka mzima huwa mabichi. Katika kila kifundo hutoka jani upande mmoja, na upande wa pili hutoka mzizi mweupe uliao hewani, ambao kazi yake ni kuushikilia mti. Mmea ukiachwa msituni hupanda mpaka kileleni, futi 40 na zaidi. Ua lake ni la rangi ya kijani iliyochanganyika na manjano hafifu, wala halina harufu ya kumsimamisha mpita njia. Hata ganda lake bichi halinukii vanila kabisa. Harufu ile ijulikanayo katika maandazi, aiskrimu na chokoleti hutokea baadaye, kwa kazi ya mikono ya watu, na huchukua miezi.

Asili ya mmea huu ni misitu ya Meksiko na nchi za Amerika ya Kati. Watu wa kabila la Watotonaki, wakaao pwani ya Veracruz upande wa Papantla, waliutunza tangu zamani, na Waazteki walipowatawala waliyatia maganda yake katika kinywaji chao cha kakao. Kwa lugha ya Waazteki jina lake lilikuwa na maana ya "ua jeusi," kwa ajili ya weusi wa maganda yaliyokaushwa. Wahispania walipoiteka nchi ile katika karne ya 16 waliyapeleka maganda Ulaya, nao wakayaita "ala ndogo," yaani kama ala ya kisu. Na hilo ndilo jina tulitumialo hata leo.

Basi Wazungu wakataka kuupanda mmea huu katika makoloni yao. Waliupanda, ukamea vizuri, ukatambaa, ukachanua, lakini haukuzaa. Kwa muda wa miaka karibu 300 Meksiko ikawa ndiyo nchi iliyouza vanila, na nchi nyingine zikabaki na majani matupu. Sababu yake ni hii. Ndani ya ua la mvanila mna sehemu ya kiume, yenye chavua, yaani ule unga wa ua, na mna sehemu ya kike ipokeayo unga huo. Sehemu hizo mbili zimekaa karibu sana, lakini kati yake pana kiwambo chembamba kama ulimi, kinachozitenga. Huko Meksiko wako nyuki wa misitu ile wawezao kuipita njia hiyo. Nyuki wetu hawaijui.

Mwaka 1836 mtaalamu wa mimea wa Ubelgiji, Charles Morren, alifaulu kuyapatisha maua hayo matunda kwa mkono, katika nyumba ya vioo mjini Liège. Lakini njia ambayo wakulima wa ulimwengu huitumia hata leo haikutoka kwa mtaalamu. Ilitoka kwa mtoto mtumwa wa umri wa miaka 12, katika kisiwa cha Réunion, ambacho wakati ule kiliitwa Bourbon, katika bahari yetu hii ya Hindi, mashariki ya Bukini. Jina lake Edmond. Mama yake alikufa wakati wa kumzaa. Bwana wake, Ferréol Bellier-Beaumont, alikuwa na shamba huko Sainte-Suzanne, na alipenda kutembea bustanini pamoja na mtoto huyo akimfundisha habari za mimea. Alikuwa amemwonyesha jinsi ya kuyapatisha matunda maua ya mmea wa jamii ya maboga, kwa kuchukua unga wa ua dume na kuutia katika ua jike. Mwaka 1841 bwana huyo aliona ganda katika mvanila wake uliokuwa haujazaa kwa miaka mingi. Edmond akasema, "Ni mimi niliyefanya." Bwana hakusadiki. Siku chache baadaye aliona ganda la pili, akamwambia mtoto amwonyeshe. Edmond akashika ua, akalichana mdomo, akakiinua kile kiwambo kwa kijiti, na kwa kidole gumba akaigandamiza sehemu ya kiume juu ya sehemu ya kike. Kazi ilikuwa imekwisha.

Habari zikaenea kisiwani, na Edmond akapelekwa shamba hata shamba kuwafundisha watumwa wenziwe. Baada ya miaka michache Réunion ikawa yauza vanila nyingi, na kutoka huko mmea ukaenda Ngazija na visiwa vyake, na Bukini, ambayo leo huitwa Madagaska, na ndiyo nchi iongozayo ulimwenguni kwa vanila. Utumwa ulipokomeshwa Réunion mwaka 1848 Edmond alipata uhuru, akapewa na jina la ukoo, Albius. Utajiri hakupata. Mtaalamu mmoja wa bustani alidai baadaye kwamba ndiye aliyemfundisha. Bellier-Beaumont mwenyewe ndiye aliyeandika kuyakanusha madai hayo. Edmond Albius alikufa maskini mwaka 1880. Twaieleza habari hii kwa urefu kwa sababu kila ganda la vanila livunwalo Bukoba, Unguja au Mukono latokana na vidole vya mtoto yule, na wengi wavunao hawajapata kusikia jina lake.

Sasa tuje kwenye kilimo chenyewe.

Mvanila wapenda nchi ya joto yenye unyevu, mvua za kutosha zilizogawanyika vizuri katika mwaka, na kivuli cha nusu. Yaani jua lipite katika majani kama lipitavyo katika kuti lililosukwa vibaya. Jua kali huyaunguza majani yakawa ya manjano. Kivuli kizito nacho huufanya mmea kuwa majani tu bila maua. Lakini pamoja na mvua, sharti uwepo muda wa ukavu kiasi cha miezi miwili, maana ukavu ndio uushtuao mmea ukatoa maua. Mahali ambapo mvua hainyamazi kamwe, mvanila hustawi sana na kuzaa kidogo. Hii ndiyo sababu nchi za kando ya Ziwa Viktoria, ingawa kimo chake ni futi 3,700 hivi juu ya bahari, zimeufaa mmea huu: zina mvua mara mbili kwa mwaka na ukavu mara mbili, hata Uganda huvuna mara mbili, kwenye mwezi wa Juni na Julai, na tena Desemba na Januari. Katika mkoa wa Kagera vanila imeingia katika kibanja, chini ya migomba na kando ya mibuni, nayo yakubaliana vizuri na jirani hao.

Walakini usiutambaze juu ya mgomba. Mgomba ukisha kuzaa hukatwa, na mzabibu wa mkulima mvivu huanguka nao. Ndivyo na mvanila. Wala usiutambaze juu ya mbuni, kwa kuwa wachuma kahawa watauvunja. Kila mvanila upewe mti wake wa kuegemea. Mti ufaao ni ule umeao kwa kipande kilichochomekwa tu, usiokua mrefu mno, wenye matawi ya chini na majani madogo. Mbono kaburi hutumika sana, na gilirisidia pia. Miti hii yapasa kupandwa miezi sita au mwaka mzima kabla ya vanila, ili iwe na nguvu ya kubeba. Nafasi baina ya mti na mti iwe futi 6, na baina ya mstari na mstari futi 8 au 9, ili mtu apite na kufanya kazi bila kukanyaga mizizi.

Mbegu za mvanila ni ndogo kama vumbi, wala mkulima hazipandi. Hupandwa vipande vya shina vya urefu wa futi 3 au 4. Kipande kirefu huchanua mapema kuliko kifupi. Cha futi 4 huweza kuanza kuchanua katika mwaka wa tatu, na pengine kabla. Chagua kipande kutoka mmea mzima usio na doa wala uozo, ambao haukuzaa sana mwaka ule. Hapa twasisitiza. Kwa kuwa mivanila hupandwa kwa vipande, shamba zima huwa kana kwamba ni mmea mmoja uliokatwa mara elfu, na ugonjwa uuwezao mmoja huiweza yote. Ugonjwa mkubwa ni uozo wa mizizi na shina, uletwao na kuvu ya jamii ya fusari ikaayo katika udongo. Mizizi hugeuka kahawia na kufa, shina hunyauka na kukunjamana, nao mmea, kama mgonjwa atafutaye hewa, hutoa mizizi mingi ya juu kabla ya kufa. Dawa ya kuuponya hakuna. Uliougua ung'olewe na kuchomwa moto, na mahali pake pasipandwe mvanila. Mtu anayeuziwa vipande kwa bei ndogo barabarani na aulize vimetoka shamba gani, na ikiwezekana aende akalione.

Ukisha kukata kipande, usikipande siku ile ile. Kiweke kivulini mahali pakavu juma moja au mawili kilegee, na lile jeraha likauke. Kisha ondoa majani matatu ya chini, kilaze kipande upande huo juu ya udongo uliolainishwa, ukifunike kwa udongo kidogo wenye majani yaliyooza, na ncha ile iliyokatwa uiache ichungulie nje, isije ikaoza. Sehemu iliyobaki ifunge mtini kwa kamba laini ya mgomba. Usichimbe shimo refu; mizizi ya mvanila haishuki, yatembea juu juu katika majani yaliyooza. Kwa sababu hiyo jembe ni adui wa shamba la vanila. Magugu yang'olewe kwa mkono, na udongo ufunikwe daima kwa majani makavu ya migomba na nyasi. Adui mwingine, ambaye watu humsahau, ni kuku. Kuku mmoja na vifaranga vyake huchakura matandazo ya asubuhi moja ambayo mke na mume waliyabeba siku mbili, na mizizi yabaki wazi juani. Konokono nao hula machipukizi. Waokotwe asubuhi na mapema.

Mmea ukifika kimo cha kichwa cha mtu usiachwe uendelee juu. Uteremshwe polepole kwa kuutundika katika panda ya tawi, ncha ielekee chini. Na ikisha gusa ardhi, kipande kidogo kifunikwe kwa udongo kipate mizizi mipya, kisha ncha ipandishwe tena. Kazi hii ina faida mbili. Maua hutoka mahali ambapo mkono wafika, na tena mmea hupata mizizi ya akiba, hata ile ya zamani ikifa hauna hasara. Miezi michache kabla ya majira ya maua, wakulima wajuao hukata ncha ya shina, kiasi cha inchi 4 hadi 6, ili nguvu ya mmea iache kukimbilia mbele.

Vitumba vya maua hutoka penye mapindo ya majani, kwa mashada, na shada moja huweza kuwa na maua 15 au 20. Lakini hayachanui pamoja. Ua moja hufunguka leo, la pili kesho, na kuendelea hivyo majuma mawili matatu. Kila ua hufunguka alfajiri, na likifika adhuhuri limekwisha kunyauka. Halina siku ya pili. Basi mwenye shamba sharti apite katika mivanila yake yote kila asubuhi, tangu saa kumi na mbili hata saa tano, siku zote za majira ya maua, iwe kuna harusi au msiba. Huo ndio ukweli ambao wanaovutwa na bei hawaambiwi.

Kazi yenyewe huifanya mtu kwa kijiti chembamba kilicholainishwa, au mwiba wa mlimau. Ua hushikwa kwa mkono wa kushoto, nyuma yake, kama mtu ashikavyo kichwa cha mtoto. Kwa kijiti, mdomo wa ua huchanwa upande wa chini, ndipo ile sehemu ya katikati ionekane. Kile kiwambo huinuliwa kwa ncha ya kijiti na kusukumwa nyuma, na hapo kidole gumba cha kushoto huibonyeza sehemu ya kiume mpaka unga wake, ambao ni kama kidonge cha manjano chenye kunata, ubaki juu ya sehemu ya kike. Basi. Mtu aliyezoea huweza kuyatengeneza maua 1,000 na zaidi katika asubuhi moja. Mwanafunzi siku ya kwanza akifikisha 100 bila kuyavunja, amefanya vema. Huko Réunion kazi hii ilikuwa hasa ya wanawake, na kwa Kifaransa waliitwa waozeshaji. Nasi twalipenda neno hilo, ingawa katika Kiswahili lina hatari yake: yuko aozeshaye kwa kuoa, na yuko aozeshaye kwa kuyaacha maganda mvuani.

Ua lililopata hubaki limeshikamana na kikonyo, likanyauka mahali pake. Lisilopata huanguka baada ya siku moja au mbili. Kwa hiyo matokeo ya kazi ya leo utayajua kesho kutwa.

Na hapa huja jaribu. Mkulima akiona shada la maua 20, na kila ua ni ganda, na kila ganda ni fedha, hutaka kuyaozesha yote. Asifanye hivyo. Shada moja litoshe kwa maua 8 hadi 10, yale ya upande wa chini, ili maganda yaning'inie yamenyooka. Na mmea mmoja usizidi mashada 10 au 12, kwa kadiri ya nguvu zake. Mvanila uliobebeshwa mno hutoa maganda mafupi membamba, nao hudhoofika, na mmea dhaifu ndio ugonjwa huutafuta kwanza. Tumewaona watu waliozaza sana mwaka mmoja wa bei nzuri, na mwaka uliofuata wakawa na miti ya mbono mitupu.

Baada ya majuma sita hadi manane ganda hufikia urefu wake wote, inchi 6 hadi 9. Likionekana limekua hivyo, mtu asiyejua husema limekomaa. La. Bado miezi mingi. Tangu ua mpaka kuvuna ni miezi 8 au 9, na muda huo wote ganda halizidi kuwa refu, bali ndani yake yanajengeka yale mambo yatakayoleta harufu. Alama ya kukomaa ni ncha ya chini kuanza kugeuka manjano. Na kwa kuwa maua hayakufunguka siku moja, maganda nayo hayakomai siku moja. Huvunwa moja moja, mzunguko kwa mzunguko. Likicheleweshwa hupasuka, na bei yake hupungua. Likivunwa kabla ya wakati, hukauka likawa jepesi kama jani, halina harufu, na huota koga ndani ya sanduku.

Lakini kwa nini watu huvuna mapema, ilhali wote wajua? Kwa sababu ya wezi. Hili ndilo jambo zito katika kilimo hiki. Ganda hukaa miezi sita likionekana na kila mtu, halina mwiba wala ganda gumu, na mwizi mmoja kwa usiku mmoja huweza kubeba katika mfuko kazi ya familia ya mwaka mzima. Wakati wa bei kubwa, wakulima wa Madagaska na wa Uganda wamekuwa wakilala mashambani kwa miezi, na watu wamejeruhiwa na kuuawa kwa ajili ya vanila. Mkulima aogopaye kuibiwa huvuna maganda machanga. Mchuuzi asiye mwaminifu huyanunua. Mnunuzi wa ng'ambo akiyafungua masanduku huona takataka, na nchi nzima hupata jina baya, pamoja na yule aliyengoja.

Njia mbili zimejaribiwa, nazo zimesaidia. Ya kwanza ni kutia alama. Wakulima wa Madagaska huchukua kizibo, wakakitia pini kwa mfano wa herufi au namba, wakakigandamiza juu ya kila ganda lingali bichi. Kovu lile halifutiki; hata ganda likisha kukaushwa na kuwa jeusi, alama ya mwenyewe yasomeka. Ya pili ni siku ya kuvuna kutangazwa na Serikali. Uganda na Madagaska zimekuwa zikitangaza siku ya kufungua mavuno, na yeyote aonekanaye na maganda mabichi kabla ya siku hiyo sharti aeleze aliyapataje. Katika kijiji ambacho watu wote wamekubaliana kuvuna siku moja na kuuza mahali pamoja, mwizi hana wa kumwuzia.

Yapasa pia tuseme neno juu ya bei, maana wengi hudanganyika. Ile bei itajwayo redioni kwa dola ni bei ya vanila iliyokaushwa. Kilo 5 au 6 za maganda mabichi hufanya kilo 1 tu iliyo kavu, na baina yake iko kazi ya miezi, kuni, mablanketi, masanduku na hasara ya yaliyoharibika. Basi mtu akisikia kilo moja ng'ambo ni dola 120, asitazamie zaidi ya dola 20 kwa kilo mbichi, na kwa haki itakuwa chini ya hapo. Tena, bei hii hupanda na kushuka kuliko mazao yote tuyajuayo. Mwaka 2000 tufani iitwayo Hudah iliyapiga mashamba ya Madagaska. Bei ikapanda mpaka kufika karibu dola 500 kwa kilo mwaka 2003, na kila nchi ikapanda vanila. Kufika mwaka 2005 ilikuwa imeanguka hata dola 50 na chini yake, na watu wakang'oa. Mwezi Machi 2017 tufani Enawo ikapiga pale pale, na bei ikapita dola 600. Mwaka 2020 Serikali ya Madagaska iliweka bei ya chini kabisa ya kuuzia nje, dola 250 kwa kilo. Mwaka 2023 ikaiondoa, na bei ikaporomoka.

Sababu moja ya misukosuko hiyo ni kwamba wanunuzi wana njia nyingine. Mwaka 1874 wataalamu wa Ujerumani, Tiemann na Haarmann, waliweza kutengeneza kile kitu kiletacho harufu ya vanila, kiitwacho vanilini, kwa utomvu wa misonobari. Na siku hizi nyingi ya hiyo hutengenezwa viwandani kwa vitu vitokavyo katika mafuta ya petroli, kwa bei ndogo sana. Vanila ya kweli ina harufu nyingine nyingi ndani yake ambazo kiwanda hakiziigi. Lakini bei ikizidi mno, mtengeneza aiskrimu hubadili. Kwa hiyo shauri letu ni kwamba mtu asikate mgomba hata mmoja wala mbuni hata mmoja kwa ajili ya vanila. Apande mivanila 50 au 100 katika nafasi zilizoko, idadi ambayo yeye na nyumba yake waweza kuihudumia asubuhi kabla ya kazi nyingine. Bei ikiwa nzuri, atalipa ada za shule. Ikianguka, chakula kipo kwenye mgomba.

Kwa wale wenye chama chao wapendao kukausha wenyewe, twaeleza kwa ufupi. Maganda yaliyokomaa huchaguliwa kwa urefu, yakatiwa kikapuni, na kikapu huzamishwa katika maji ya moto wa digrii 63 hadi 65 kwa dakika tatu hivi. Maji yasichemke, kipimajoto ni lazima, na wakisiao kwa kidole huyapika. Hapo ganda limekufa, halitaiva wala kupasuka tena. Mara moja, lingali moto, hufungwa katika blanketi zito na kuwekwa ndani ya sanduku la mbao litoke jasho siku moja au mbili, nalo hugeuka rangi ya chokoleti. Kisha kila siku huanikwa juani juu ya blanketi kwa saa moja au mbili, likakunjwa lingali na joto na kurudishwa sandukuni. Hivyo kwa juma moja au mawili, mpaka liwe laini na kuweza kuzungushwa kidoleni bila kuvunjika. Baada ya hapo hupangwa juu ya chanja kivulini, penye hewa, miezi miwili au mitatu, na kila siku hugeuzwa na kukaguliwa. Mwisho hufungwa mafungu kwa uzi, na kulazwa katika masanduku yaliyotandikwa karatasi ya nta kwa miezi mingine miwili au mitatu.

Masanduku hayo yafunguliwe kila juma. Ganda lenye koga liondolewe upesi, maana koga huambukiza, na pua ya mwenye mazoea huijua kabla ya jicho. Lakini pengine utaona juu ya maganda weupe wa namna nyingine, kama vijisindano vidogo vinavyometameta ukivielekeza juani. Hiyo si koga. Ni vanilini yenyewe iliyotoka nje ya ganda kwa wingi wake, na mnunuzi ajuaye huyatafuta maganda ya namna hiyo kwanza, basi usiyafute.